Haki ya Aliyeumwa

Baba Neema wangu,

Nyuki wamehama. Nimeona nikuambie wewe kwanza. Mizinga yako miwili bado iko nyuma ya jiko hapa Kansanga, lakini haivumi tena. Nimetega sikio ubavuni mwa kila mmoja, kama ulivyozoea kufanya kabla ya kwenda chuoni kufundisha hesabu. Kimya.

Neema anataka nihamie kwake Nairobi. "Mama, huko unabaki na nani?" aliniuliza kwenye simu. Nimemwahidi jibu Jumapili. Hajakosea mtoto. Tulipokimbia Bukavu tulikuwa wawili: wewe umebeba kinanda chako cha akodiani mgongoni kama mwana, mimi sufuria, na njia nzima nilikulaumu. Sasa ningehama bila mtu wa kumlaumu.

Nikikukumbuka, sikuoni ubaoni. Nakuona Jumamosi, unasubiri unga wa mkate uumuke, huku ukiujibu muziki wa baa za barabara ya Ggaba kwa wimbo uleule wa akodiani, na kuukosea palepale. Nakuona uliporudi kutoka Katwe, ulikokwenda kujifunza kuchomelea vyuma, ukiwa na kigoda ulichokiunda, kinachoyumba. Fundi alikuwa amekuuliza, "Profesa, hiki ni cha kukalia au cha kuchezea dansi?" Ulinisimulia ukicheka hadi machozi. Ndicho nilichokalia ninapokuandikia.

Lakini zaidi ya vyote naikumbuka sheria yako ya asali: aliyeumwa na nyuki wetu ana haki ya chupa moja. Mtaa mzima uliijua. Siku ya kurina, watu walijipanga langoni wakionyesha vipele vya joto, hata makovu ya utotoni. Mama Okello, mjane wa polisi wa nyumba ya pili, hakukosa msimu.

"Profesa, nyuki yako imeuma mimi tena!"

Ulivaa miwani, ukaukagua mkono usio na alama yoyote, ukatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, Mama Okello. Huu mwiba umezama ndani."

Alipoondoka nilikukemea. "Mtu wa hesabu kama wewe, huoni anadanganya?"

"Naona. Lakini mtu mzima akija kusema uongo mlangoni kwa watu, Mama Neema, ujue kuna kitu kimemuuma."

Nilidhani ni maneno tu ya mtu asiyejua kunyima.

Jana alasiri Mama Okello alibisha hodi. Anajua mizinga ni mitupu. Yeye ndiye aliyeniita nitazame kundi likipita juu ya paa lake. Akasimama mlangoni, akaninyooshea mkono.

"Mama Neema, nyuki imeuma mimi."

"Nyuki gani, dada yangu? Si walikwenda wote?"

"Moja ilibaki." Akatazama chini. "Watu wanasema na wewe unaenda Nairobi."

Nikaenda kuchukua miwani yako. Niliushika ule mkono, nikaugeuza huku na huku, nikautazama mpaka nisiweze kuona vizuri. "Pole sana," nikamwambia. "Umezama ndani."

Nilifungua chupa ya mwisho uliyoirina wewe, ile niliyokuwa nimeificha hata kwa Neema. Tuliila na mkate, tukalamba vidole kama watoto. Alikaa kwenye kigoda chako, akayumba, akasema, "Ee, Profesa!" Ndipo tukacheka.

Leo asubuhi nimesafisha mizinga na kupaka nta ndani. Ulinifundisha kwamba kundi linalopita huvutwa na harufu ya mahali palipowahi kukaliwa. Jumapili nitamwambia Neema kwamba sihami; nimekwisha kuhama vya kutosha maishani mwangu. Aje yeye msimu wa kurina, na wanawe, na wavae nguo za mikono mifupi.

Pumzika, mume wangu. Mimi nami nimeumwa, na chupa yangu nitakuja kuidai kwako. Ila bado kidogo.

Mkeo,
Mama Neema