Gari limelala upande wa kushoto

Butimba, Jumamosi, 1996

Gari la baba haligongi tena kwa chini, lakini sina raha.

Mama alisema nisiliguse mpaka tuanue matanga ya baba. Nikaona ni mambo ya kizamani, nikalipeleka gereji. Lilikuwa limelala kulia, upande wa dereva. Fundi akalipiga jeki, akanionyesha: bushi zimekwisha, shokapu inavuja, springi imechoka. "Mzee alikuwa na mwili," akasema. Tukafunga spea za mtumba pande zote mbili. Likasimama sawa kabisa.

Nimeliendesha peke yangu mpaka nyumbani. Niliposhuka kulitazama, limelala kushoto.

Nikalisukuma kwa mikono. Likainuka, likakaa sawa, halafu upande ule ukashuka tena polepole, kama mtu anayejiweka vizuri kitini. Labda springi za mtumba. Labda ile ya kushoto ni...

Mama akatoka, amejifunga kitenge, tayari kwenda kwaya. Miaka yote anakaa mbele. Leo alisimama akakitazama kile kiti cha mbele kushoto, kisha akazunguka, akafungua mlango wa nyuma.

"Twende taratibu, mwanangu," akasema. "Unajua hapendi mwendo wa kasi."