Sanamu Lililovalishwa Nyuma Mbele

Shoga yangu Mwanaidi, miguu haijambo? Baridi ya Joburg inanitafuna mpaka haya meno mawili. Mjukuu wangu Rehema, huyu anayeniandikia, anatengeneza maonyesho ya Wasan, wenyeji wa huku, kwenye makumbusho anakofanya kazi. Leo kanipeleka nikaone, na wenzake wakamleta bibi wa Kisan, rika letu, kupigwa picha tu. Mara akanifinya, ananionyesha sanamu la kike: ngozi ya kufunika makalio wameifunga mbele! Lugha hatuelewani, lakini tulicheka hadi machozi. Walipokwenda kula, tukalivua, tukalivalisha sawasawa. Waliporudi, Rehema kamgombeza mlinzi wa watu eti kagusa sanamu, na kesho wageni wanaingia.

Eh, Rehema, mbona umeacha kuandika? Andika! Kisha kamtake radhi mlinzi.

Shoga, nimekukumbuka mno. Niwekee dagaa, naona nitarudishwa mapema.