Mkunga Hupasuliwa Mgongoni

Osaka, siku moja baada ya Siku ya Ng'ombe

Dada yangu Towa,

Nakuamkia kwa heshima, pamoja na wote walio chini ya paa la duka la marehemu baba. Joto la Kawagoe limekuachia usingizi? Na goti lako? Mimi mwili hauna neno, ila vidole vimeungua kidogo, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Towa, ungemwona Masanobu wangu! Amekuwa mwanamume wa haja, mabega kama mlango wa ghala. Alinipokea stesheni jana asubuhi, akanipeleka kuiona ngome kabla ya kazi. Nilimwambia ngome ni nzuri lakini haimfikii yeye, akaona haya. Sokoni tulikula vitumbua vya pweza vya kubabua kaakaa, na ngisi wa kuchoma, na kila muuza samaki akimwamkia kwa jina lake. Nilitembea kifua mbele kama mke wa waziri.

Njiani akaniambia kwamba siku hiyo bwana wake, Mzee Nishiwaki mchoma mikunga, atampa kisu kwa mara ya kwanza apasue mikunga mbele ya wateja. Akipasua tumboni, kama wanavyopasua watu wa huku, duka litakuwa lake siku moja, maana mzee hana mtoto. Akikosea, afunge virago. Aliniomba nisimame mbali na nisiseme kitu. Nikamwahidi. Unanijua.

Siku ya Ng'ombe mji mzima unataka mkunga wa kupambana na joto, na foleni ilikata kona. Haukupita muda, nikamwonyesha jirani yangu wa foleni, muuza vitambaa mmoja mnene, kwamba yule mwenye kisu ni mwanangu, mjukuu wa Denkichi wa Kawagoe. Akauliza Kawagoe ndiyo wapi. Hapo damu ikanichemka. Nikamweleza kuwa kwetu mashariki tuliwalisha samurai, na mkunga hupasuliwa mgongoni, maana samurai akijiua hujipasua tumbo, na mkunga wa tumbo wazi ni kumwonyesha kifo chake. Akacheka mpaka kitambi kikamtikisika.

"Mama, huku hatukuwa na samurai wa kutuogofya. Sisi wachuuzi, tunafunuliana matumbo ndipo tunaelewana. Nyinyi huko hata samaki mnamvizia kwa nyuma."

Foleni ikaangua kicheko. Nami nikapaza sauti, nikamwita Masanobu awaonyeshe hawa mkono wa babu yake.

Hakuinua kichwa, lakini mkono ulisikia. Alimgeuza mkunga, akampigilia msumari wa kichwani, akamkaza ubaoni, akampasua mgongoni kwa mkato mmoja, utadhani baba kafufuka. Ninaona fahari hata sasa, Mungu anisamehe.

Mzee Nishiwaki akaung'oa ule msumari, akaupitisha katikati ya kiganja cha mwanangu hadi ukashika ubao. Mkunga akaanguka sakafuni akijipinda, mgongo wote wazi. Masanobu hakulia, alitweta tu, na damu ikafuata mfereji wa ubao. Mzee akamtandika kofi, akaongeza la pili, akimwita mbwa wa mashariki aliyemwaibisha mbele ya wateja wa baba yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Niliipanda kaunta na kimono changu, nikalishika koleo kutoka ndani ya mkaa, nikampiga nalo shingoni mpaka nyama ikanuka. Muuza vitambaa akanivuta mkanda, nikamng'ata. Katika purukushani hiyo mtungi wa mchuzi wa kupaka mikunga ukavunjika.

Wewe ni wa kazi hii, sina haja ya kukueleza. Ulikuwa mchuzi wa babu yake Mzee Nishiwaki, haujawahi kukauka, kila siku mpya ukiongezwa juu ya ule wa kale. Mzee alipiga magoti akawa anauzoa kwa viganja pamoja na vigae, akijikata. Akasema, wala sijui alimwambia nani:

"Siku ya mabomu ya vita baba alitoka motoni na mtungi huu mikononi. Dada yangu alibaki ndani."

Masanobu akaung'oa msumari mwenyewe, akapiga magoti kando yake, akazoa kwa mkono mmoja. Hakunitazama.

Hospitalini Masanobu alisema msumari ulimteleza. Daktari anasema vidole vitafanya kazi. Nikambembeleza turudi nyumbani, nikamwambia mwenye mkono kama wake hakosi duka popote. Akajibu: "Mkono utapona, mama. Mtungi je?" Mzee amekwisha teremsha pazia la mlangoni. Bila mchuzi ule, anasema, hana cha kuuza, na mwanangu hana cha kurithi.

Sasa, dada, nimekuandikia kwamba mtungi ulivunjika. Wote wanaamini uliangushwa katika kusukumana. Sivyo. Koleo halikunitosha. Niliutazama nikajua ni kitu gani, mimi binti wa mchoma mikunga, nikauinua kwa mikono miwili, nikaubwaga. Nilitaka aishi huku amekufa. Ni Masanobu peke yake aliyeniona, naye amenyamaza.

Kwa hiyo nakuomba uteke nusu ya mchuzi wa baba ulio hapo dukani, uulete mwenyewe kwa treni, umeupakata. Najua utasema baba atageuka kaburini, mchuzi wake kupakwa mkunga aliyepasuliwa tumbo. Na ageuke. Nitaupeleka kwa magoti mpaka mlangoni kwa mzee, apate cha kuanzia tena, na nitamwambia ni mkono wa nani ulioubwaga mtungi. Akininyanyulia koleo, usimzuie.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani waambie Masanobu hajambo, anapendwa huku.

Mimi mdogo wako,
Kiyoe