Visigino Vilitangulia

Jumatatu, 3 Machi

Fomu zimetoka! Mkataba mrefu, miaka kumi na miwili. Matroni alibandika tangazo ubaoni saa mbili asubuhi, na kufika saa nne pembe zilikuwa zimechanika kwa vidole vya watu. Nafasi sita, sisi wanafunzi kumi na tisa. Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa, usaili wiki ijayo. Asiyechukuliwa anamaliza mwaka huu wa mwisho, anarudisha magwanda, anakwenda zake uraiani na cheti cha uuguzi.

Mimi sitaki kwenda zangu. Niandike hapa, maana hapa hakuna wa kunicheka. Kwanza miaka miwili wodini. Halafu kozi ya chumba cha upasuaji. Halafu nyota begani — moja, mbili. Halafu hospitali ya uwanjani, ile ya mahema, mimi ndiye wa kuamua majeruhi gani aingie kwanza. Mkataba ukiisha nitakuwa na miaka thelathini na sita. Bado mbichi kabisa.

Redio (tunalala chumba kimoja, na jina lake linajieleza) anasema ukiona ninavyokunja shuka utadhani nilizaliwa kambini. Alikuwa ananisimanga. Nimepokea kama sifa.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia mama, nimemweleza mpango. Akauliza kama nimekula. Mama akikuuliza kama umekula katikati ya habari yako, ujue haijampendeza. Shangazi ana zahanati yake, na kiti changu eti kimeshafutwa vumbi.

"Jeshi si ndugu yako, mwanangu," akasema. "Siku ukiteleza, hakuna wa kukufunika."

Nikamwambia sitateleza. Kwa mdomo wangu huu huu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeteleza.

Kitanda namba nne, meja. Ngiri. Alitoka upasuaji saa tano asubuhi, amechomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari na miguu yake. Daktari ameandika kwenye faili: alale mpaka saa kumi na moja jioni, vyuma vya pembeni ya kitanda viwe juu. Saa nane nikampelekea chupa ya mkojo. Akaitazama kana kwamba nimemtukana. Anataka kwenda msalani kwa miguu yake. Nikamweleza kwa adabu kwamba bado. Akanikazia macho.

"Askari, shusha chuma hicho."

Na mimi nikabana visigino, nikasema ndiyo afande, nikashusha.

Basi. Kichwa kilikuwa bado kinatafuta la kusema, visigino vimeshajibu. Miezi sita ya kwata imeniingia mpaka kwenye mifupa, na meja ni meja hata akiwa ndani ya gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Akashuka. Miguu ikamkatalia. Akaenda chini mzima mzima, paji la uso kwenye kona ya kabati. Nyuzi nne. Mshono wa ngiri umekaguliwa, na Mungu mkubwa, haujaachia.

Somo la kwanza kabisa tulilopewa wodini: cheo kinaachwa mapokezi pamoja na viatu. Mgonjwa hana nyota. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Alhamisi, 6 Machi

Ripoti ya mgonjwa kuanguka inatakiwa kabla ya saa nane leo, na inaandikwa na aliyekuwepo. Yaani mimi. Hakuna mwingine aliyeona — wa kitanda cha tatu alikuwa usingizini, cha tano pazia limefungwa.

Asubuhi nilipokwenda kumpima presha, meja akaanza mwenyewe. Sauti ya chini, si ile ya jana. Amesikia kwamba fomu zinarudishwa kesho. Yeye atasema alishusha chuma mwenyewe, mimi nilikuwa nimefuata dawa.

"Na wewe andika hivyo hivyo," akasema. "Mimi sina cha kupoteza. Wewe unacho."

Ni kweli. Na si mtu mbaya. Nadhani ameona aibu na anataka kunilipa wema. Nikasema asante afande, nikaondoka na mashine yangu ya presha bila kusema ndiyo wala hapana.

Redio amenishika mabega: kubali, usijitie kitanzi! Ameapa hatatangaza. Kwa Redio hicho ni kiapo kikubwa.

Nimekaa na karatasi saa nzima. Nilitamani sana kuandika alivyosema. Kalamu ilishafika kwenye neno "mgonjwa". Lakini nikiandika hivyo wataona chuma kinashuka ovyo, watakuja mafundi kukagua vyuma, na vyuma havina kosa. Kilicholegea ni mimi, na labda wenzangu kumi na wanane wenye visigino kama vyangu. Atakayefuata kuanguka huenda mshono wake usimvumilie.

Nimeandika: Mgonjwa aliniagiza. Nilijua maelekezo ya daktari. Nilimtii mgonjwa. Sentensi tatu, nimelowa jasho kama nimekimbia na begi la mchanga.

Ijumaa, 7 Machi

Matroni alikuwa na karatasi zangu mbili mezani, ripoti na fomu. Akazisoma zote nikiwa nimesimama. Akauliza nani kanishauri kuandika vile. Nikasema hakuna. Akaandika mstari mmoja kwenye nafasi ya maoni yake, akaifunga bahasha kabla sijaona kitu, akaniambia nikaoge, nina zamu saa nane.

Mchana kikaanza kipindi kipya, kila siku nusu saa: mmoja analala kitandani anajifanya jenerali, wengine wanajifunza kumkatalia. Jenerali wa leo alikuwa Redio. Amefoka, ametishia kutufunga, amedai kuletewa farasi. Sijamwona na furaha hivyo tangu tufahamiane. Mimi nilimkatalia mara tatu, na mara zote tatu visigino vilitaka kuungana. Kazi ipo.

Meja amegeukia ukutani nilipombadilishia bandeji.

Jumapili, 9 Machi

Meja ameruhusiwa. Ameaga wodi nzima, mimi amenipita. Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Nimemweleza mama yote. Nilijua atasema nilikuambia. Akauliza tu, "Ukaandika mwenyewe?" Nikasema nimeandika. "Haya." Halafu akasema atamwomba shangazi asiharakishe kumpa mtu mwingine kile kiti, lakini pia asinitegemee. Mama! Hajakubali. Ila sikuulizwa kama nimekula.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha usaili. Ndani wako watatu: brigedia, daktari mmoja na matroni.

Ripoti yangu ilikuwa juu kabisa ya faili. Brigedia akauliza, yeye akilala pale na kuniagiza nishushe chuma, nitashusha? Nikasema hapana, afande. Akageuza ukurasa.

"Sawa. Sasa uko uwanjani. Una majeruhi mmoja, habebeki. Kamanda wako anaagiza wote muondoke sasa hivi. Huyu hana ganzi miguuni, ni kamanda. Utafanya nini?"

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Usijibu. Mara ya kwanza ulijibu kwa visigino. Kaa nje dakika kumi, urudi na kichwa."

Nikisema ninatii, nimemwacha mtu. Nikisema sitii, mimi si askari, na miaka kumi na miwili ndiyo basi. Nimezunguka hapo dakika tano nzima. Nilipokuwa natoka, matroni hakunipa hata jicho.

Lakini kuna jambo tunalolifanya kila siku. Zamu ikiisha huondoki. Unapita kitanda kwa kitanda na anayeingia, unamwonyesha kila mgonjwa, anatia sahihi, ndipo unavua aproni. Akichelewa saa mbili, unamngoja saa mbili. Kwa hiyo nitamwuliza kamanda majeruhi huyu namkabidhi kwa nani. Akinitajia mtu, naondoka mbio. Akisema hakuna, basi zamu yangu haijaisha.

Sijui kama ni jibu la askari. Huenda ndilo litakalonipeleka kwa shangazi. Naogopa, lakini ni langu.

Karani amefungua mlango, ananiita, anasema brigedia yuko tayari. Nimetazama saa yangu. Bado dakika mbili. Nimemwambia hivyo, na sijasimama.