Kigae Nilichokivunja

Nagoya, mwezi wa pili

Kaka yangu mpendwa Morihiko,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na baridi ya Arita haiwatesi sana. Mimi mwili ni mzima. Mwambie shemeji Fusae kwamba achari yake ya figili ilifika salama, nami nimeila nikijua sistahili.

Umeniandikia kwamba tangu arudi nyumbani Shunpei hasemi na mtu, anakanda udongo tu, na wewe humwiti ila mzembe. Tena umeniomba radhi upya, kana kwamba haikutosha kupanda treni na sanduku la vitamutamu, ukamwinamia mkuu wa maabara yetu kwa ajili ya mwanao. Nami nilisimama kando yako, nikainama pia. Tangu siku hiyo usingizi umeniruka.

Unakikumbuka kile kigae cha kukinga chombo kisiungue kinaporudi kutoka angani. Siku tulipokichoma mkuu alikuwa akinihimiza, nikataka kufungua tanuri mapema. Shunpei akanizuia.

“Shangazi, bado kuna moto. Tungoje kidogo.”

“Mimi nimekulia tanurini, wewe ndiye wa kunifundisha moto?”

Nikafungua. Nilipokigonga kigae kwa ukucha, mlio wake ulikuwa umekufa, dalili kwamba kimepasuka ndani kwa kupoa ghafla. Basi nikafanya alivyotuzoesha baba katika ufinyanzi wake, kwamba chombo kibovu kisitoke uani kwetu. Nikachukua nyundo, nikakipondaponda, nikafagia. Ndipo nikakumbuka kwamba huku maabarani kibovu hakivunjwi, huhifadhiwa kichunguzwe.

Mkuu alipouliza, nilisema kilimeguka chenyewe. Wakaamua kwamba mchanganyiko wa unga wa kigae ulikosewa, na aliyeuchanganya ni Shunpei. Kaka, unga haukuwa na kasoro. Kosa ni langu, na uongo ni wangu.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu yote. Shunpei ataitwa arudi kazini. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani, na ni haki yangu. Lakini mwanao alijua tangu mwanzo. Ulipokuwa umeinama pale ofisini alinitazama mara moja, nikakwepa macho yake, naye akainamisha kichwa. Neno moja lingemwokoa, akalimeza, kwa kuwa mimi ni shangazi yake. Usimwite mzembe tena.

Nisalimie shemeji, na mwashie marehemu baba ubani kwa niaba yangu. Shunpei usimpe salamu zangu. Nitakuja kumwomba radhi mwenyewe, akikubali kunifungulia mlango.

Mdogo wako mwenye aibu,
Chizuru