Pale Unapokohoa

Mwaju wangu,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kabla hata ya salamu. Ni Festo yule yule wa mpunga, uliyekuwa ukimwita "bwana viatu vya tope". Akitoka shambani Dakawa ananiletea mchele mpya kwenye kiganja, ninuse kwanza, kama wenzangu wanavyoletewa maua. Nampenda mpaka najionea aibu. Asubuhi namwangalia akifunga kamba za viatu, moyo unanijaa, halafu dakika hiyo hiyo nachoka. Nina furaha iliyochoka, Mwaju. Sijui kama kuna kitu kama hicho.

Ni ule wimbo. "Teremka Nami" ulitoka wiki chache baada ya kukuzika, na sasa uko kila mahali: saluni, dukani, kwenye simu za wanafunzi. Sisi watatu tuliokuwa tukiimba kwenye sherehe za Mlali kwa sahani ya pilau, leo tunaitwa "wale dada wa Teremka". Wawili sasa. Mimi na Tausi.

Lakini kinachochezwa si kiitikio. Ni kikohozi chako.

Unakumbuka studio, kile chumba chenye magodoro ukutani. Katikati ya ubeti wako ulikohoa mara mbili, ukaendelea bila kupoteza mdundo. Fundi akataka turudie. Wewe ulikuwa umeshakaa juu ya kreti la soda, unasema ni vumbi la magodoro tu. Mimi ndiye niliyesema, "Acha hivyo hivyo, inanoga." Nilitaka upumzike. Au nilitaka kumuwahi Festo stendi. Siwezi kuapa.

Kisha mtu mmoja akajirekodi anacheza. Ukikohoa anashika kifua, anainama mpaka chini, anainuka akitikisa mabega. Wakaiga wote, nchi nzima naona.

Siku ya harusi yangu, wakati wa kuleta zawadi, MC akauweka ule wimbo wetu. Shangazi zangu wakaja wakicheza, mkono mmoja kwenye masufuria kichwani. Ulipokohoa, ukumbi mzima ukainama. Festo wangu akainama kuliko wote, maskini, hajui kwamba kile hakikuwa vumbi. Mpiga picha akaniambia, "Bibi harusi, na wewe."

Nikainama. Na shela langu, nikashika kifua kama wenzangu. Nisamehe.

Jumamosi hii kuna tamasha mjini. Tausi amepanga ubeti wako niuimbe mimi, na nikohoe. "Kohoa kama yeye," kasema, "si hicho cha kwako cha mwalimu anayeingia darasani." Nikajaribu bafuni. Festo akacheka nje ya mlango: "Hapo umempatia, mke wangu." Nilikaa chini kwenye sakafu iliyolowa.

Kesho yake nikaenda Mlali kwa mama yako. Nilimkuta anachambua maharage. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote: kwamba ni mimi niliyesema kikohozi kiachwe, na kwamba fundi anaweza kukitoa hata leo, yeye mama akitaka. Akatupa pembeni punje moja mbovu.

"Mkikata hapo, atakuwa hakuugua?" akasema. "Sauti yake ni hiyo tu niliyobaki nayo. Muacheni." Halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu amewahi kuniuliza: "Akishakohoa, anasemaje? Watu wanapiga kelele, sisikii."

Nikamwimbia pale pale, taratibu. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Njiani nikampigia Tausi nikamwambia sikohoi. Akafoka: watu wanakuja kwa ajili ya hicho tu. Nikamwambia basi wakohoe wenyewe, kisha ngoma izimwe, na kama hataki, atafute mwingine wa kuimba. Nilimaanisha, Mwaju, ingawa bila huu wimbo mimi na yeye hatuna kingine. Akaniambia nina kichwa kigumu. Kisha akauliza, kwa sauti yake ile ya zamani, ngoma isimame wapi.

Festo nimemwambia yote jana. Alikaa kitandani na viatu vyake miguuni. Baadaye akaniomba nimfundishe ule mstari wako wa baada ya kikohozi. Ndiyo maana nampenda.

Nalala sasa, na wewe lala, rafiki yangu. Nakuahidi: Jumamosi, wakishainama na kuinuka, tutazima ngoma kabisa. Mama yako atakaa mbele. Nitasubiri hadi makelele yaishe, hata kama itachukua muda, ndipo niimbe ulichokisema ukiwa huna pumzi, wakisikie hadi walio nyuma kabisa:

"Nikichoka nibebe, usiniulize kumebaki umbali gani."

Asnath wako