Kalamu Nyekundu Kwenye Barua za Guka

Jumamosi, 12 Julai. Ukungu haujaondoka Runyenjes tangu asubuhi na vidole vyangu ni baridi. Leo nitaandika yote, hata lile ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Guka, baba wa mama yangu, alikuwa karani wa korti. Miaka ile baada ya uhuru alipata rafiki, mwalimu kijana kutoka Pwani aliyeletwa kufundisha hapa, na ambaye baadaye akawa mwandishi anayejulikana nchi nzima. Mwalimu alipohamishwa, wakaanza kuandikiana. Barua za mkono, wino wa buluu, Kiswahili kitupu. Walibishana jambo moja tu: kama kilicho halali kortini ni halali pia moyoni.

Nilipokuwa darasa la tano, macho ya Guka yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nilimsomea barua hizo jikoni huku akichambua maharagwe kwa kupapasa. Aliyoipenda zaidi ilihusu mtu wa Karurumo. Mpima ardhi alikosea, hati ikampa mtu huyo kipande cha shamba la jirani, na korti ikasema ni chake. Guka alikuwa ameuliza kama mtu kama huyo hulala usingizi. Mwandishi akajibu: "Sheria haina haya. Mwenye haya ni mtu."

Kila nikifika hapo, Guka aliacha maharagwe, akayarudia maneno hayo polepole. Namkumbuka hivyo, mikono imetulia.

Sasa langu. Mwaka huo mwalimu wa Kiswahili alinichagua kumsaidia kusahihisha insha za wenzangu, nikawa natembea na kalamu nyekundu. Mwandishi aliandika "baruayo". Nikakata, nikaandika "barua yako". Na neno "haya" nililijua moja tu, la haya na hayo. Kwetu sikuwa nimesikia mtu akilitumia kwa maana ya aibu. Nikaona mzee wa watu amesahau nomino, nikamsaidia: "Sheria haina mambo haya."

Guka alisikia kalamu ikikwaruza, akauliza nafanya nini. Nikasema naandika tarehe juu, isije ikasahaulika. Akanishukuru.

Alifariki kabla sijajua maana ya neno lile.

Alhamisi alikuja mama mmoja wa chuo kikuu anayeandika kitabu kuhusu yule mwandishi. Alipouona wino mwekundu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzee hakuwa akipokea barua tu," alituambia. "Alikuwa anabishana naye hadi juu ya karatasi." Herufi zimepinda, akasema, kwa sababu ya macho. Kwake "mambo haya" ni jibu la Guka, kwamba sheria haijali mambo ya moyo. Atalichapisha, pamoja na jina la Guka.

Cucu, mke wa Guka, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Huyo alinisahihisha chumvi miaka arobaini. Angemwachaje mtu wa vitabu?"

Tangu mazishi sijamwona akicheka hivyo. Amewaambia wanawake wa kanisa. Amemwambia hata muuza maziwa.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya chai.

Niliiweka mezani, nikamimina.

Hakuna korti itakayoniita kwa hili. Lakini kitabu kikitoka, Guka atasifiwa kwa kupinga maneno aliyoyapenda kuliko yote. Nimekuwa nikilala na kosa hili siku mbili sasa, na silali.

Jumatatu mgeni anarudi kuchukua barua. Cucu ameshafua kitambaa cha meza na kuchagua kuku.

Nimeamua kusema, na Cucu ndiye atakayesikia kwanza. Ila nimeingia jikoni mara tatu leo, na mara zote tatu nimetoka na maji ya kunywa ambayo sikuyataka.

Basi wewe unayesoma hapa, niandikie kesho, usingoje: ukienda kumpokonya nyanya yako furaha aliyoipata kwa kosa lako, unaanza na neno gani?